Dereva Aliyelala Usiku Kucha na Bado Ana Usingizi

Katika nyumba za kulala wageni zilizo kandokando ya barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali, mtu anayekoroma huwa ni kichekesho. Asubuhi wenzake humtania kwamba usiku kucha alikuwa akipasua mbao. Utingo wake humwambia, "Mzee, jana ulinitisha. Ulinyamaza kabisa nikadhani umekata roho, halafu ukashtuka kama mtu aliyeopolewa majini." Wote hucheka, chai hunywewa, na lori huwashwa. Ikifika saa tano za mchana, jua kali na barabara imenyooka, mzee yule yule anapigana na usingizi kwenye usukani. Hajui kwa nini, maana alipanda kitandani tangu saa mbili za usiku.

Makala hii inaeleza kwa nini. Jambo hilo si uzembe, si pombe, wala si kurogwa. Ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Unapimika, na tiba yake imekuwapo tangu mwaka 1980. Tiba yenyewe si kidonge wala sindano. Ni hewa tu, hii hii tunayoivuta, ikisukumwa puani kwa nguvu iliyopimwa.

UGONJWA WENYEWE

Mtu akilala, misuli ya mwili wake hulegea, na misuli ya koo nayo hulegea pamoja nayo. Kwa watu wengi njia ya hewa hubaki wazi. Kwa wengine ulimi na nyama laini za koo hurudi nyuma, njia ikawa nyembamba, na hewa ikipita hutetemesha nyama hizo. Huko ndiko kukoroma. Njia ikiziba kabisa, kifua huendelea kuhangaika lakini hewa haiingii. Madaktari huhesabu kuwa pumzi imekatika ikiwa hali hiyo imedumu sekunde 10 au zaidi. Oksijeni katika damu hupungua, ubongo hushtuka, mtu huamka nusu, hugutuka, huvuta hewa kwa kishindo, kisha hulala tena. Asubuhi hakumbuki lolote.

Wataalamu huhesabu mara ngapi kwa saa moja pumzi hukatika au kupungua sana. Kuanzia mara 5 hadi 14 ni ugonjwa mwepesi, kuanzia 15 hadi 29 ni wa kadiri, na mara 30 au zaidi ni mkali. Tupige hesabu: mwenye kukatika mara 30 kwa saa, akilala saa 8, pumzi imemkatika mara 240 usiku mmoja. Mwili wake ulikuwa kitandani lakini haukupumzika.

Dalili zake ni kukoroma sana kunakokatizwa na kimya, kuumwa kichwa asubuhi, mdomo kukauka, kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, kusahau, hasira za haraka, na usingizi wa mchana usioisha. Ukiachwa miaka mingi bila tiba, ugonjwa huu huenda sambamba na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Huwapata zaidi wanaume, watu wanene na wenye shingo nene, lakini hata mtu mwembamba mwenye taya dogo anaweza kuwa nao, na wanawake pia, hasa wakishakoma hedhi. Pombe ya jioni na vidonge vya usingizi huuzidisha. Makisio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu kwa kiasi fulani. Wengi wao hawajapimwa.

HEWA ILIYOANZIA SYDNEY

Kabla ya mwaka 1980, mgonjwa aliyezidiwa alikuwa na tiba moja kubwa: kutobolewa koo, kuwekwa bomba shingoni, na kuvuta hewa kwa bomba hilo kila usiku. Iliokoa maisha, lakini wengi waliiogopa, nao walikuwa na haki.

Mwezi wa Juni 1980, huko Sydney, Australia, mgonjwa mmoja aliyeshauriwa kutobolewa koo aliuliza kama hakuna njia nyingine. Daktari Colin Sullivan alikuwa na wazo. Kama koo linaziba kwa sababu nyama zake zinaanguka ndani, je, hewa ikisukumwa kupitia puani kwa nguvu kidogo haitalishikilia wazi, kama upepo unavyoshikilia mpira wa gari usibonyee? Alichukua mota ya kupuliza hewa ya aina iliyotumika katika mashine za kufyonza vumbi, akaiunganisha kwa mipira na kifuniko kilichogandishwa puani mwa mgonjwa. Pumzi ziliacha kukatika. Mgonjwa akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja kwa miaka. Mwaka 1981 Sullivan na wenzake walitangaza katika jarida la kitabibu la The Lancet matokeo ya wagonjwa watano.

Nguvu ya hewa hiyo si kubwa. Chukua bilauri ndefu ya maji, tumbukiza mrija hadi sentimeta 10, kisha pulizia mpaka mapovu yatoke. Nguvu uliyotumia ndiyo hupimwa kwa sentimeta za maji. Wagonjwa wale wa kwanza walihitaji kati ya 4.5 na 10. Mashine za sasa, ambazo hujulikana kwa herufi CPAP, kwa kawaida husukuma kati ya 4 na 20, na nyingine hujirekebisha zenyewe usiku kwa kufuata pumzi za mlalaji.

Inafaa kuelewa mambo mawili. Kwanza, mashine hii haiongezi oksijeni. Inasukuma hewa ya chumbani tu, ikiwa imechujwa. Pili, haiponyi. Ni kama miwani: inasaidia ukiivaa, ukiivua shida inarudi. Ndiyo maana anayeivaa usiku mmoja na kuiacha siku tatu hajatibiwa.

Wapo wanaoiacha. Pua hukauka, barakoa huvuja hewa au huchubua ngozi, wengine huona kama wanabanwa pumzi. Mengi ya hayo yana dawa: barakoa ya kipimo kingine, chombo cha kutia unyevu katika hewa, kuizoea kidogo kidogo mchana ukiwa macho, na kuisafisha kwa sabuni na maji. Mashine nayo ni chombo kilichotengenezwa na watu, inaweza kuwa na kasoro. Mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa mamilioni ya mashine zake duniani kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa inaweza kuchakaa na kuingia katika njia ya hewa. Anayenunua mashine iliyotumika na aulize namba yake na asili yake kwanza.

ASUBUHI MOJA NEW YORK

Sasa tuje kwenye kazi. Jumapili tarehe 1 Desemba 2013, garimoshi la abiria lilikuwa likielekea mjini New York alfajiri. Mahali paitwapo Spuyten Duyvil pana kona kali, na mwendo ulioruhusiwa hapo ni kilometa 48 kwa saa. Garimoshi liliingia kwa kilometa 132. Mabehewa yaliacha reli, watu 4 wakafa na zaidi ya 60 wakaumia.

Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba dereva alisinzia. Alikuwa na ugonjwa mkali wa kukatika pumzi ambao hakuna aliyewahi kuupima. Lakini, ndugu wanachama, hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba hali yake ilizidishwa na mabadiliko ya zamu: wiki mbili hivi kabla ya ajali alikuwa amehamishwa kutoka zamu ya mchana kwenda zamu ya alfajiri. Wakasema tena kwamba shirika la reli halikuwa na utaratibu wa kuwapima madereva wake maradhi ya usingizi. Shirika lilipoanza kuwapima, likakuta zaidi ya dereva mmoja katika kila kumi ana ugonjwa huo.

Tarehe 29 Septemba 2016, katika stesheni ya Hoboken, jimbo la New Jersey, garimoshi jingine lilipita mwisho wa reli na kugonga jengo. Mama mmoja aliyekuwa jukwaani aliuawa na zaidi ya watu 100 waliumia. Dereva huyo naye alikuwa na ugonjwa mkali ambao haukuwa umegunduliwa. Mwezi wa Machi mwaka huo huo wizara ya usafirishaji ya Marekani ilikuwa imeanza safari ya kutunga kanuni za kuwapima madereva wa treni na malori. Mwezi wa Agosti 2017 ikaacha.

Kuhusu malori, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulilinganisha madereva wenye ugonjwa huu. Wale walioikataa tiba ya mashine walipata ajali zinazoweza kuepukwa mara tano kuliko wenzao wasio na ugonjwa. Wale walioitumia barabara hawakuwa tofauti na madereva wengine.

HOFU YA MFANYAKAZI

Tukisema haya, dereva atatuuliza: "Nikienda kupimwa, nikaonekana mgonjwa, si ndiyo mwisho wa kazi yangu?" Hofu hiyo si ya kipumbavu. Mwajiri anaweza kutumia kipimo kama panga. Tena anaweza kuutumia ugonjwa kuficha makosa yake: dereva aliyeendeshwa saa 16 akasinzia, akaambiwa anaumwa.

Kwa hiyo chama kiseme wazi. Ugonjwa ni jambo moja, na saa nyingi za kazi ni jambo jingine. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema kimsingi dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki, na apate mapumziko ya saa 10 mfululizo. Hakuna mashine inayoweza kumpa mtu usingizi ambao mwajiri amemnyima. Na mwezi wa Juni 2022 shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kuunda chama.

Katika majadiliano ya mikataba ya hali bora, matawi yadai mambo haya: kupimwa kwa siri ya daktari na kwa gharama ya mwajiri, dereva aliyeonekana mgonjwa apewe kazi nyingine kwa mshahara ule ule mpaka tiba ishike, mashine na barakoa zihesabiwe kuwa vifaa vya kujikinga, kama buti na kofia ya chuma, na akishatibiwa arudi kwenye usukani wake. Hili si ndoto. Uingereza dereva mwenye ugonjwa huu na usingizi wa mchana husimama kuendesha, na ugonjwa ukidhibitiwa huruhusiwa tena.

Twajua mashine ni ghali na umeme wetu hukatika. Lakini zipo zinazotumia betri, na zipo zinazoweza kuunganishwa na umeme wa lori kwa kifaa maalumu, dereva akalala nayo katika kibanda cha lori. Bei ni kubwa kwa mtu mmoja. Kwa kampuni ni ndogo kuliko lori moja lililoanguka na mzigo wake, na haiwezi kulinganishwa na roho za watu.

Wakati tukisubiri, kila mmoja anaweza kuanza. Lala ubavu, usilale chali. Acha pombe saa za jioni. Punguza uzito kama umezidi. Usingizi ukikushika njiani, egesha. Muziki na dirisha wazi havimzuii mtu kusinzia. Na wewe utingo, na wewe mama wa nyumbani, ninyi ndio mashahidi wa kwanza, maana mlalaji hajioni. Ukimsikia anakoroma, kisha ananyamaza, kisha anashtuka, usicheke tu asubuhi. Mwambie. Kisha mfuatane hadi kwa daktari.