Ghadhabu za kabla ya hedhi

Wapo waume wanaolalamika kuwa mke hudai talaka kila mwezi, kisha akiingia hedhini hutulia na kujuta. Ndugu msomaji, usikimbilie kusema ana jini. Haya ni maradhi, na Shirika la Afya Duniani liliyaingiza katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019. Huzuni nzito, ghadhabu na wasiwasi huanza wiki moja au mbili kabla ya hedhi, na kupungua siku chache baada ya damu kuanza. Homoni huwa za kawaida. Ubongo ndio usiovumilia kupanda na kushuka kwake.

Mama aandike hali yake kila siku kwa hedhi mbili mfululizo, ampelekee daktari daftari hilo. Dawa zipo, nyingine humezwa siku hizo tu. Mazungumzo ya talaka yangoje. Lakini akitaja kujiua, msingoje: hospitali siku hiyo hiyo.