Kondo la Nyuma na Homoni za Miezi ya Mwisho (Sehemu ya Pili)

Baada ya kueleza wiki iliyopita jinsi mimba inavyotunga, leo muradi wetu ni miezi mitatu ya mwisho, na hasa kondo la nyuma, ambalo aghalabu hufukiwa bila ya mtu kuuliza lilifanya kazi gani, ilhali pande hilo la nyama, lenye uzito wa takriban nusu kilo, ndilo lililoutawala mwili wa mama muda wote huo.

Projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba usijikaze kabla ya wakati, mwanzoni hutoka pale yai lilipochomokea katika ovari, na baada ya wiki 8 hadi 10 kazi hiyo hurithiwa na kondo. Ama estrojeni, inayoutayarisha mji huo kwa uchungu, kondo haliwezi kuiunda peke yake, kwa kuwa limenyimwa kimeng'enya kimoja kilicho lazima. Hivyo malighafi yake huletwa na tezi zilizo juu ya figo, za mama na za mtoto, na estrioli, aina ya estrojeni inayozidi sana siku za mwisho, karibu yote asili yake ni mtoto mwenyewe. Sijui katika elimu ya mwili ushirika wa ajabu kuliko huu.

Katika miaka ya 1960, tabibu Liggins wa New Zealand alidhihirisha kwamba mwanakondoo aliye tumboni, akitiwa kotisoli, homoni ya tezi hizo hizo za juu ya figo, huzaliwa kabla ya siku zake. Kwa kondoo projesteroni hushuka, ndipo uchungu ukaanza. Kwa binadamu haishuki, bali mji wa mimba huacha kuitii.

Kondo hutoa pia homoni inayopunguza nguvu ya insulini ya mama, ili sukari imfikie mtoto kwa wingi, na ndiyo sababu moja ya kisukari cha mimba.

Maziwa nayo huzuiliwa na projesteroni hiyo hiyo mpaka kondo litoke, kisha hujaa siku ya pili hadi ya nne. Kipande cha kondo kikisalia ndani, maziwa huweza kuchelewa, na hatari kubwa zaidi ni damu kumwagika. Kwa hiyo, enyi akina mama na wakunga, kondo lisifukiwe kabla ya kukaguliwa pande zote mbili, na likionekana limepungua, mzazi apelekwe hospitali saa ile ile.