Rafiki wa majuu anakuja Ruiru? Mwandalie hivi

Beshte yako wa Ujerumani anataka kuja Ruiru Desemba? Asihangaike na viza ubalozini. Kenya iliiondoa Januari 2024. Siku hizi mgeni huomba kibali cha eTA mtandaoni, kupitia tovuti ya serikali, etakenya.go.ke, angalau siku tatu kabla ya safari.

Fomu huuliza atalala wapi, hivyo mtumie mapema anwani yako na barua ya mwaliko. Pasipoti yake iwe imebakisha miezi sita au zaidi.

Jihadharini na tovuti za mabroka. Zinafanana na ya serikali, ila hutoza zaidi.

Hata akiwa na eTA, afisa wa uhamiaji JKIA ndiye huamua kama ataingia. Namba yako aibebe kwenye karatasi. Simu huzima chaji.