Jua Tunalo Tele, Mbona Mifupa Yetu Dhaifu?

Bibi anateleza bafuni, anavunjika nyonga. Majirani wakija kumpa pole, husema ni uzee na ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Kudra hatuikatai, lakini mfupa haudhoofiki kwa siku moja.

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu mwilini imo kwenye mifupa na meno. Kiasi kidogo kilichobaki huusaidia moyo kupiga na misuli kufanya kazi, na mwili hauruhusu kipungue kwenye damu. Chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, mwili huikopa mifupani. Deni hilo halina maumivu, ndiyo maana wengi hulijua siku ya kuvunjika.

Akiba ya mifupa hujazwa hadi umri wa miaka 30 hivi, kisha huanza kupungua. Kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi hedhi inapokoma. Kwa hivyo, nyonga ya bibi ilihitaji kutunzwa tangu alipokuwa msichana.

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa ina takriban 300. Dagaa wanaoliwa na miba yao, maziwa lala na sukuma wiki pia husaidia. Mchicha ni mzuri, lakini una oksaleti inayozuia sehemu ya kalsiamu yake isifyonzwe, basi usiutegemee peke yake.

Hata hivyo, bila vitamini D mwili hufyonza kalsiamu kidogo tu. Vitamini hii hutengenezwa ngozi inapopigwa na jua, na jua la kupitia kioo cha dirisha halitoshi. Hapa Pwani jua ni la bure, lakini wengi wetu tunashinda ndani, na tukitoka tumejisitiri. Stara si tatizo. Mama anaweza kuota jua uani kwake, mikono na miguu ikiwa wazi, bila kuvunja sheria yoyote ya dini.

Watoto nao wasifungiwe ndani. Maziwa ya mama ni bora, ila yana vitamini D kidogo, hivyo muulize muuguzi wa kliniki kuhusu matone. Miguu ya mtoto ikizidi kupinda baada ya miaka miwili, mpeleke hospitali mapema, maana matege yatokanayo na upungufu huu hutibika.

Akiba haiozi, ndugu zangu. Tuanze na mabinti zetu leo.