Chenso ya Zamani Huuawa na Kukaa

Chenso nyingi za zamani zilizolala stoo huko Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju, jijini Dar es Salaam, hazikuuawa na kazi. Zilikata miembe na mikorosho ya kiwanja, nyumba ikasimama, mashine ikasukumwa pembeni ikiwa bado na petroli tumboni. Ugonjwa ulianzia hapo. Kwa hiyo anayetaka kuifufua kwa mapenzi tu, bila kutafuta riziki, ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani, maana sehemu kubwa ya kazi yake itakuwa kuondoa madhara ya kukaa. Nasisitiza hili kwa sababu tumezoea kutengeneza kwa kubahatisha: leo plagi, kesho kabureta, keshokutwa koili ya kopi, na mwisho mashine inapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu huku pistoni yake ikiwa nzima.

Tuchukue mfano wa Stihl 070. Kampuni ya Stihl ilianzishwa Ujerumani na Andreas Stihl mwaka 1926, na mwaka 1959 ikatoa chenso iliyoitwa Contra, ambayo injini yake ilizungusha mnyororo moja kwa moja bila giaboksi. Mrithi wake, 070, ana silinda ya takriban sentimita za ujazo 106 na uzito unaozidi kilo 10 kabla ya kufungwa bapa na mnyororo. Wapasua mbao wa Afrika, Asia ya Kusini Mashariki na Amerika ya Kusini waliipenda kwa sababu ina nguvu ya kupita kwenye gogo nene kwa urefu wake, na kwa sababu inafunguka. Bolti zake zinaonekana, plastiki ni chache, na karibu kila kipande kinaweza kutolewa, kusafishwa na kurudishwa. Mashine ya aina hiyo inamfaa mtu mwenye subira na meza imara.

Anza na mafuta. Petroli inayokaa kwenye joto la Dar es Salaam hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka upesi, na masalia yake huganda kama gundi na kuziba vitundu vya kabureta. Ndani ya kabureta hiyo kuna kiwambo chembamba ambacho mafundi hukiita dayaframu. Kabureta ya pikipiki hutegemea boya linaloelea, kwa hiyo ukiilaza inachanganyikiwa. Ya chenso hutegemea kiwambo hiki, ndiyo maana mtu anaweza kukata akiwa ameigeuza ubavu. Kiwambo kikikauka, kinakuwa kigumu na hakivutiki tena kufungua njia ya petroli. Kitoe, kibonyeze kwa kidole. Kikilia kama karatasi kavu, tafuta kingine. Usijaribu kukilainisha kwa oili.

Mafuta mapya nayo yachunguzwe. Wanaokumbuka kilio cha uchakachuaji wa mafuta, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kupunguza kishawishi, wanajua kwa nini. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inapigwa vibaya. Nunua kwenye kituo unachokiamini, changanya kidogo, tumia, maliza. Kwa mashine za umri huu vitabu vingi vilitaka sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa lita. Oili za leo ni bora zaidi na chenso mpya hupewa 1 kwa 50, lakini mimi kwa injini iliyolala miaka mingi ningebaki na kipimo cha zamani mpaka niijue tabia yake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo naona ndilo linaloua chenso nyingi baada ya kufufuliwa: hewa ya wizi. Injini ya chenso ni tustroki. Haina sampu ya oili kama ya gari. Oili yake yote inasafiri ndani ya petroli. Chumba cha krenki, kilicho chini ya pistoni, hufanya kazi ya pampu: pistoni ikipanda inavuta mchanganyiko kutoka kwenye kabureta, ikishuka inausukuma juu kwenye silinda. Pampu hiyo imezibwa pande mbili za krenki na sili za mpira, na katikati na gasketi. Mashine ikikaa muda mrefu, mpira wa sili hukakamaa na kuachia mwanya mwembamba usioonekana kwa macho. Kupitia mwanya huo hewa inaingia bila kupitia kabureta. Petroli inapungua kwenye mchanganyiko, na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, nayo inapungua. Injini inapandisha mizunguko, inalia vizuri, mwenyewe anafurahi. Dakika chache baadaye alumini ya pistoni imeganda kwenye ukuta wa silinda.

Kipimo chake hakihitaji vifaa vya gharama. Toa eksozi na kabureta, ziba matundu yake kwa vipande vya mpira wa tyubu vilivyobanwa na bati na bolti. Kwenye tundu moja pitisha mpira mwembamba, unganisha na pampu ya baiskeli yenye geji, jaza hewa hadi nusu ya ba, kisha pakaza maji ya sabuni kwenye sili zote mbili, kwenye gasketi na chini ya plagi. Mapovu yatakuonyesha. Sili hizi huagizwa kwa vipimo, na vipimo hivyo kwa kawaida vimeandikwa ukingoni mwake: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Nenda navyo Kariakoo. Sili yenye namba hizo inaweza kupatikana kwenye duka la spea za pikipiki, mradi mpira wake unastahimili petroli.

Kama alumini imeshaganda kwenye silinda, usikimbilie kuitupa. Silinda za aina hii mara nyingi zimepakwa kromu kwa ndani, na kromu hiyo ni ngumu kuliko alumini iliyoganda juu yake. Kostiki soda hula alumini na kuiacha kromu, lakini mwili wa silinda wenyewe pia ni alumini, kwa hiyo ipakwe kwa kijiti penye doa tu, mbali na matundu, ukiwa umevaa glavu na miwani. Kisha msasa laini na maji.

Umeme wake una adui wa hapa kwetu, upepo wa bahari. Chumvi hutia kutu sumaku, na kwenye chenso za kale zenye platini hutengeneza utando juu ya ncha zake. Utando huo unatosha kuzuia cheche kabisa, na wengi hununua koili nzima kwa ajili yake. Sugua ncha kwa msasa laini sana, zifute, weka mwanya wa karibu milimita 0.4, jaribu tena. Magnesiamu, ambayo ndiyo madini ya bodi nyingi za chenso, nayo haipatani na chumvi. Rangi ikibanduka inaanza kuota unga mweupe, na unga huo usafishwe hadi metali ing'ae kabla ya kupaka rangi upya.

Ukikwama, nani wa kumuuliza? Bodaboda zinazojaa barabara zetu karibu zote ni fostroki, hivyo kijana anayefungua injini kila siku pale kijiweni huenda hajawahi kuchanganya oili na petroli maishani mwake. Ujuzi wa tustroki umehamia ufukweni. Nenda Kunduchi au Msasani, kwa mafundi wa injini za boti, hasa Yamaha Enduro zinazosukuma mashua za wavuvi. Wao wanaishi na chumvi, wanaishi na mchanganyiko, na rangi ya plagi wanaisoma kwa kuitupia jicho. Kwa kazi ya kuchonga bushi au kufufua nyuzi za bolti kuna karakana za Gerezani, ambako kuchonga kisichopatikana dukani ni desturi ya tangu enzi za uhaba wa fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera. Nawaheshimu sana watu hawa, na ningependa VETA Chang'ombe iwaite wakafundishe.

Mnyororo unahitaji tupa ya duara na mkono mtulivu. Umbo la meno yake lilibuniwa na Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, aliyemtazama buu wa mbawakawa akila mbao mwaka 1946 na kuona jinsi taya zake zinavyokata kushoto na kulia. Ukikata mnazi, noa mapema kuliko kawaida, kwani gamba lake gumu na mchanga ulioshikana na shina humaliza makali upesi. Na kumbuka kwamba breki ya mnyororo ilienea miaka ya 1970 kuendelea, hivyo chenso nyingi za kale hazina. Bapa likigonga tawi kwa ncha yake, linaruka kuelekea uso na hakuna cha kulizuia. Kwa maoni yangu mashine kama hiyo ikate gogo lililolala chini, isipandishwe mtini hata siku moja.

Siku ya kuiwasha, legeza skrubu za kabureta mzunguko mmoja kila moja kutoka zilipofungwa, vuta kamba, acha ipate joto, kisha fungua mafuta yote kwa sekunde chache bila kukata kitu. Sikiliza. Sauti nzito yenye kukatikakatika ina maana petroli inatosha na oili inafika. Ukigusa gogo sauti hiyo inapaswa kunyooka. Ikilia kwa ukali na kunyooka tangu mwanzo, fungua skrubu ya mwendo kasi kidogo. Isipobadilika, izime hapo hapo na urudi kwenye maji ya sabuni.