Nguvu za Nyumbani, Joto la Jangwani

Phoenix na Tucson ni miji ya jangwani katika jimbo la Arizona, Marekani, na humo watu wengi wamegeuza gereji za magari yao kuwa jimu. Mwaka 2020, jimu za kulipia zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, dambeli na vyuma viligombewa hadi vikaadimika madukani, na wengi walioonja raha ya kupiga tizi nyumbani hawakurudi tena walikotoka. Ukiwasikiliza wakizungumza, mada zao ni tatu: kilo walizonyanyua, chakula walichopika, na njia ya jangwani wanayotaka kuitembea mwisho wa juma. Kila mada ina mabingwa wake na ubishi wake. Makala haya yanazichukua zote tatu kuwa jambo moja, kwa sababu jangwa halimpimi mtu kwa misuli peke yake. Humpima pia kwa alivyokula, alivyokunywa na alivyozoea joto, na humpima kwa vyote hivyo kwa wakati mmoja.

Mfano ulio wazi zaidi ni Grand Canyon, korongo lililochongwa na Mto Colorado kaskazini mwa jimbo hilo. Njia ya Bright Angel huanzia ukingo wa kusini, mita zipatazo 2,085 juu ya usawa wa bahari, na kushuka takriban mita 1,340 hadi mtoni. Anayepanda Kilimanjaro akichoka hugeuka, na njia ya kumrudisha ni mteremko. Kwenye korongo mambo ni kinyume. Unaanza kwa kuteremka asubuhi, miguu ikiwa mizima na hewa ya ukingoni ikiwa ya baridi, na kila mita 100 unazoshuka joto hupanda kwa karibu digrii moja. Kule chini, miezi ya Juni na Julai, kipimajoto kilichowekwa kivulini huvuka digrii 40. Sehemu ngumu ya safari, yaani kupanda, inakukuta ukiwa umechoka na jua likiwa kali. Ndiyo maana hifadhi inawaonya wageni wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku hiyo hiyo, hasa kati ya Mei na Septemba, na wakati wa kiangazi wasitembee kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

Onyo hilo lina msingi. Julai 2004, mwanamke wa miaka 24, mkimbiaji hodari aliyekuwa amemaliza mbio za Boston Marathon miezi mitatu tu kabla, alifariki ndani ya korongo hilo kwa kuishiwa maji mwilini. Alikuwa ameingia na maji yapatayo lita moja na nusu kwa safari ya zaidi ya kilomita 40. Hakuna anayeweza kusema kwamba hakuwa na mazoezi. Pumzi yake na miguu yake ilikuwa bora kuliko ya karibu kila mtu aliyekuwa kwenye njia siku hiyo. Tukitaka kuelewa kwa nini havikutosha, tuanze na hesabu ya joto.

Mwili mzito, joto jingi

Misuli hugeuza kuwa kazi takriban robo tu ya nishati inayotumia. Robo tatu zinazobaki hutoka kama joto. Mchukue mtu wa kilo 80 mwenye begi la kilo 10 mgongoni. Kuinua kilo hizo 90 kwa mita 1,340 kunadai kazi ya karibu megajuli 1.2, na ili kuipata kazi hiyo misuli yake itazalisha joto la megajuli 3.5 hivi. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto la megajuli 2.4. Kwa hiyo kupanda peke yake kunamgharimu karibu lita moja na nusu ya jasho, kabla hatujahesabu kutembea kwenda mbele, joto ambalo mwili huzalisha hata ukiwa umetulia, na jua linalomchoma pamoja na mwamba unaorudisha joto. Hewa ikishakuwa ya moto kuliko ngozi, ambayo huwa na digrii zipatazo 35, mwili haupozwi na hewa tena. Hewa ndiyo inauongezea joto, na jasho linabaki kuwa njia pekee ya kulitoa.

Hesabu hiyo hiyo ukimfanyia mtu wa kilo 65 mwenye begi la uzito ule ule, jasho linashuka hadi lita 1.2 hivi. Hapo ndipo mnyanyua vyuma anapaswa kutulia na kufikiri. Kifua kipana na mapaja mazito aliyoyatafuta kwa miaka ni mzigo anaopaswa kuupandisha, na kadiri mwili unavyojaa, eneo la ngozi kwa kila kilo hupungua. Anazalisha joto jingi na ana nafasi ndogo ya kulitoa. Nguvu zake zina manufaa: zinalinda magoti, zinabeba maji mengi, zinamsaidia mwenzake aliyelemewa. Lakini zisimdanganye kwamba yuko salama zaidi ya rafiki yake mwembamba.

Kujifunza kushuka

Wengi wanaojiandaa kwa korongo hufanya mazoezi ya kupanda, kumbe kinachowaumiza mwanzo ni kushuka. Kila hatua ya mteremko, misuli ya mbele ya paja hukaza huku ikirefuka ili kuuzuia mwili usiporomoke. Kazi ya namna hiyo haichoshi pumzi, ndiyo maana mtu hushuka akiimba, lakini hujeruhi nyuzi za misuli kuliko kupanda. Maumivu huchelewa, na kilele chake huwa kati ya siku ya pili na ya tatu. Nguvu, hata hivyo, hupungua mapema. Mtu anafika mtoni na kukuta miguu inatetemeka, na mlima wote bado uko mbele yake.

Habari njema ni kwamba msuli hujifunza upesi. Ukishaupa kazi hiyo mara moja kwa kiasi, safari inayofuata hauumii sana kama mwanzo, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kifaa kinachohitajika ni kipandio imara cha mbao chenye kimo cha sentimita 20. Panda kwa mguu mmoja, kisha ushuke polepole ukihesabu hadi tatu, goti likielekea kule kunakoelekea vidole vya mguu, na kisigino cha mguu mwingine kiguse sakafu bila kishindo. Badilisha mguu. Zoezi likishazoeleka, vaa begi lenye chupa za maji. Mita 1,340 ni sawa na kupanda kipandio hicho mara 6,700, na kuijua idadi hiyo kunatosha kumwonyesha mtu kwamba seti tatu za kumikumi zenye chuma kizito begani ni maandalizi ya jambo jingine. Chuma kizito kina siku yake. Siku ya kipandio ni ya uzito mdogo, muda mrefu na uvumilivu.

Joto la gereji

Watu wa Phoenix hulalamika kwamba gereji ina joto, wakatafuta feni na kiyoyozi. Kwa anayejiandaa kwa jangwa, joto hilo ni sehemu ya zoezi. Mwili ukifanyishwa kazi kwenye joto kwa saa moja hadi saa moja na nusu kila siku, hubadilika ndani ya siku 7 hadi 14. Maji ya damu huongezeka, moyo hupiga taratibu zaidi kwa kazi ile ile, jasho huanza mapema na kutoka kwa wingi, na chumvi inayopotea ndani yake hupungua. Mabadiliko hayo hayapatikani kwa kunyanyua kilo nyingi ndani ya chumba chenye ubaridi, na mtu akirudi kwenye kiyoyozi huanza kuyapoteza ndani ya wiki chache.

Bado kuna mpaka. Mwaka 2023 Phoenix ilipitia siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika au kuvuka digrii 43. Gereji iliyofungwa siku kama hizo ni hatari, wala si mahali pa kujizoeza. Njia ya busara ni kuanza na kazi nyepesi alfajiri mlango ukiwa wazi, kuongeza dakika siku hadi siku, na kuacha mara kichwa kinapoanza kuuma au kichefuchefu kinapokuja. Anayeishi peke yake amjulishe mtu kabla hajaanza.

Kinachopikwa kabla ya safari

Jikoni ndiko wapiga tizi wengi wanakobeba mazoea ambayo jangwani hayawafai. Mnyanyua vyuma amezoea kuhesabu protini, na kwa kujenga misuli ana haki. Kwenye njia ya kupanda kwa saa nyingi, hata hivyo, mwili unategemea sana wanga. Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini ni gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima wa kawaida, na huisha. Siku moja au mbili kabla ya safari inafaa sahani ielemee wali, viazi au tambi, na njiani mtu apate gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Kipande kikubwa cha nyama au kopo zima la protini saa 6 mchana huwa mzigo tumboni, kwa kuwa joto linapozidi damu hupelekwa kwenye ngozi na tumbo hubaki na kidogo.

Kusini mwa Arizona kuna chakula kinachoyajua mazingira haya. Watu wa Tohono O'odham wamelima kwa karne nyingi maharage ya tepari, madogo na magumu, yanayovumilia ukame kuliko maharage mengi. Huloweshwa usiku kucha na kuchemshwa kwa moto mdogo kwa muda mrefu, kisha chumvi ikatiwa. Maharage hayo ni mazuri kwa mlo wa jioni kabla ya safari. Asubuhi ya safari yenyewe, tortila ya unga wa ngano, pana na nyembamba kama chapati ya maji, hubeba wali uliotiwa chumvi na nyuzi chache za nyama iliyokaushwa juani, ile ambayo Tucson inasifika nayo. Tortila moja kubwa ina wanga wa gramu 35 hivi, haimwagiki, haiozi kwa saa chache za joto kama inavyooza mayonezi, na haiyeyuki kama chokoleti. Zaidi ya yote, ina chumvi, na mtu ataitamani hata joto likiwa limeua hamu ya kula.

Chumvi hiyo ni ya lazima. Lita moja ya jasho huondoka na sodiamu ya kati ya nusu gramu na gramu mbili hivi, kila mtu na kiasi chake, na kwenye joto kali mtu anaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa. Anayesikia hayo hukimbilia kunywa maji, na hapo kuna hatari ya pili. Figo huweza kutoa karibu lita moja tu kwa saa. Anayekunywa maji matupu kwa wingi saa baada ya saa bila kula huipunguza sodiamu ya damu yake, ubongo ukavimba, na dalili zikaja: kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege. Zinafanana na za mtu aliyezidiwa na joto, kwa hiyo mwenzake anaweza kumpa maji zaidi akidhani anamsaidia. Askari wa Grand Canyon wameshakutana na wagonjwa wa aina zote mbili. Kanuni ya kuzingatia ni moja: kunywa kwa kiu, na kula kila mara unapopumzika.

Dawa ya bei nafuu ya jambo hili inajulikana katika kila zahanati ya Afrika Mashariki. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, ni mchanganyiko tunaompa mtoto anayeharisha. Sukari na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo pamoja, na maji huvifuata. Chupa moja ya mchanganyiko huo ikikaa begini kando ya maji ya kawaida, haipitwi na vinywaji vya rangi vinavyouzwa ghali.

Uamuzi ufanywe mapema

Mila ya jimu inamsifu anayejilazimisha raundi moja zaidi. Chini ya chuma mila hiyo ina faida, kwa sababu seti huisha na mtu hukaa akapumzika. Kwenye joto ni hatari, maana joto la ndani ya mwili likikaribia digrii 40 akili yenyewe huanza kuyumba. Mtu anayepaswa kuamua kurudi ndiye ambaye hawezi tena kuamua vizuri. Tangu mwaka 2021 jiji la Phoenix hufunga baadhi ya njia zake maarufu, kama ile ya Camelback Mountain, kwa saa za mchana siku za onyo la joto kali, kwa kuwa tahadhari ya mtu mmoja mmoja haikutosha. Wapandaji wa Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, huanza usiku wa manane kwa sababu hiyo hiyo: jua la pale halibembelezwi.

Kwa hiyo saa ya kugeuka ipangwe mezani nyumbani, chakula kikipikwa na begi likifungwa. Kwenye korongo, kila saa moja ya kushuka ihesabiwe saa mbili za kupanda. Mwenye saa 6 za ubaridi ana saa 2 za kushuka, na zikitimia anageuka hata kama mto unaonekana karibu. Mmoja katika kundi apewe mamlaka ya kusema basi, na wengine wakubaliane mapema kwamba hawatambishia. Aliyejenga nguvu kwa subira gerejini, kilo kwa kilo, tayari ana tabia inayohitajika jangwani: kufuata mpango hata siku ambayo anajisikia kuuzidi.