Je, Wajua? Siri za Dirisha la Dawa

Foleni ya pili aliianzisha mfalme
Umeshamaliza foleni ya daktari, unaanza nyingine dirishani. Katika karne ya 13, Mfalme Frederick II wa Sicily aliamuru kazi ya tiba itenganishwe na uuzaji wa dawa, na akapiga marufuku madaktari kula njama na wauza dawa. Anayekuandikia dawa asinufaike kwa kukuuzia! Mpaka leo, mahali pengi, unalindwa hivyo, ingawa miguu inalipia.

Kuridhika hakufuati saa
Mwaka 1985 mtaalamu wa menejimenti David Maister alieleza kwamba mtu hupima alichopata dhidi ya alichotarajia. Ukiambiwa nusu saa, dawa zikatoka kwa dakika 20, unaondoka unachekelea. Ukiambiwa dakika 5 zikawa 15, unaulizia sanduku la maoni lilipo. Kungoja bila kuelezwa sababu huonekana kurefu zaidi, na wasiwasi hukurefusha tena: muulize mama aliyepakata mtoto mwenye homa.

Asilimia 5 tu, foleni maradufu
Hili ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Hesabu za foleni zilianzia kwenye simu: mwaka 1909 Agner Erlang wa Copenhagen alichapisha kanuni za simu zinazoingia kituoni. Ziweke kwenye dirisha moja la dawa ambako wagonjwa hufika bila mpangilio. Mhudumu akiwa na kazi nusu ya muda wake, kwa wastani utamkuta mtu 1 tu pale. Kazi ikifika asilimia 90, watu ni 9. Ikipanda hadi 95, ni 19! Ndiyo maana akitoka mhudumu mmoja kwenda chai na kazi ikawaelemea waliobaki, benchi hujaa ghafla.

Haraka nyingine si sifa
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1993 hupima hata muda ambao mtoa dawa hukaa na mgonjwa, kisha mgonjwa huulizwa kama anajua namna ya kumeza dawa zake. Kusukumiwa bahasha iliyoandikwa "1x3" bila neno ni haraka ya hasara.

Dawa kama hela za ATM
Mwaka 2018, huko Alexandra, Johannesburg, ziliwekwa mashine za kutoa dawa kwa wagonjwa wa maradhi ya kudumu. Unaingiza namba ya siri, unazungumza na mfamasia kwa video, na dawa inadondoka ikiwa na lebo yake. Yote hayo kwa dakika 3 hivi.